NCHI JIRANI: Uganda na Upelelezi wa Saratani ya Tezi

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Daktari Denis Burkitt, aliyepata kuwa mganga wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliitwa na mwenzake amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo. Alipompapasa tumboni, alikuta uvimbe mwingine. Ndivyo ilivyoanza kufahamika kuwa yaliyodhaniwa kuwa maradhi mbalimbali yalikuwa saratani moja, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ugonjwa huo unaonekana wapi. Hiyo ilikuwa ramani ya bara. Ramani ngumu zaidi ni ile ya mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Limfoma huzuka katika chembe nyeupe za damu, yaani walinzi wa mwili. Walinzi hao huzunguka kila mahali, na wakiasi, njia zote wanazijua. Limfoma ya Hodgkin aghalabu huenda hatua kwa hatua, kutoka tezi moja hadi tezi jirani. Ile ya Burkitt huruka: taya, figo, ini, hata ubongo, na huku tezi za shingoni zikiwa salama. Kwa hiyo, daktari anayetazama uvimbe wa taya peke yake huenda akatoa dawa pungufu kwa adui aliyekwisha kuingia tumboni.

Zamani, ili kujua Hodgkin imefika wapi, wapasuaji walifungua tumbo na kuondoa wengu. Siku hizi picha hufanya kazi hiyo. Mashine ya CT huonyesha umbo na ukubwa wa tezi. Mashine ya PET huonyesha uhai wake: mgonjwa hudungwa sukari yenye mnururisho kidogo, saratani huila kwa pupa, na mahali ilipojificha hung'aa. Hata baada ya tiba, PET husaidia kutenganisha kovu na saratani iliyo hai.

Lakini mnururisho huo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo sukari hiyo haiwezi kutengenezwa mbali na mgonjwa. Nayo limfoma ya Burkitt yaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto wa namna hiyo hangojeshwi safari ya kutafuta mashine kubwa. Picha ya eksirei ya taya na kifua, pamoja na kipimo cha tumbo kwa mawimbi ya sauti, huwapa madaktari habari nyingi siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, picha haithibitishi ugonjwa. Kipande cha uvimbe lazima kikatwe na kuchunguzwa kwa hadubini. Wala haitoshi kwa maji ya uti wa mgongo. Huko hupelekwa sindano, maana dawa nyingi zinazopitia mshipani hazifiki huko kwa nguvu ya kutosha, na chembe zikionekana katika maji hayo, dawa hutiwa humo humo.