Kengele za kamera: betri yalaumiwa, waya wasahaulika

Wauzaji wa vifaa vya ulinzi wa nyumba Kariakoo, Dar es Salaam, wanalijua lalamiko la mteja anayerudisha kengele ya mlango yenye kamera kabla hajafungua mdomo. Betri haijai. Waya umeunganishwa, taa inawaka, lakini kila asubuhi asilimia inayoonekana kwenye simu imeshuka.

Mmoja wao, mwenye duka dogo la rejareja, anasema vingi anavyorudishiwa ni vizima. Akikichomeka kifaa kwenye chaja ya simu pale dukani, kinajaa bila shida. Ila boksi limeshachanwa, muuzaji wa jumla hakipokei, na fundi aliyekifunga ameshalipwa akaenda zake. Hasara inabaki kwake. Waranti, anadai, humlinda aliyeingiza mzigo kuliko yeye anayesimama mbele ya mteja. Anataka mafundi wabebe sehemu ya gharama. Akibanwa, anakubali kwamba naye huuza kengele bila transfoma ili bei isimkimbize mnunuzi.

Hapo ndipo penye tatizo, na wafanyabiashara wenzake hawapendi kulisema. Nyingi ya kengele hizi zilibuniwa kwa kufikiria nyumba za Marekani, ambako waya wa kengele na transfoma ya volti 16 hivi ni vitu vya kawaida ukutani. Kwetu, kengele ya zamani hupigwa moja kwa moja na umeme wa volti 230, au haipo kabisa. Basi fundi huokota kilicho karibu: adapta ya DC ya volti 12 iliyobaki kwenye kazi ya CCTV, au transfoma ya volti 8. Kengele inayotaka AC huenda isiipokee ile ya kwanza. Ya pili aghalabu huishia kuwasha taa. Waya mwembamba ukivutwa kutoka sebuleni hadi getini, volti hupungua zaidi njiani.

Hata kazi ikifanywa vizuri, katika aina nyingi waya hulisha betri kidogo kidogo tu, kufidia kinachotumika. Geti linalotazama njia ya bodaboda huiamsha kamera kutwa. Usiku taa za infraredi zinakula chaji, na Wi-Fi inayofika kwa shida kupitia kuta za tofali inakula yake. Kuna na joto: betri za lithiamu kwa kawaida huzuiwa kuchaji zikifika nyuzi 45 hivi, na geti la chuma linalopigwa na jua la mchana wa pwani hufika huko kirahisi. Mteja anabadilishiwa betri mpya, nayo inashuka vilevile.

Ofisa mmoja wa sekta ya umeme, ambaye hakutaka kutajwa, anashikilia kwamba umeme unaofika majumbani hauyumbi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Ni vigumu kumwamini wakati maduka hayohayo yanauza stabilaiza za friji na televisheni. Umeme ukishuka hadi volti 180, transfoma ya volti 16 hutoa kama 12.5 tu, na kengele nyingi hapo huanza kusuasua. Familia imelipia ulinzi. Haistahili kuambiwa kila kitu kiko sawa.

Mafundi makini hupima volti kwenye ncha za waya kengele ikiwa imeunganishwa na kamera inafanya kazi, kwa kuwa kipimo cha waya mtupu hudanganya. Kazi hiyo huchukua muda, na wateja wengi hawataki kuilipia.

Biashara yenyewe huenda ikaendelea kukua, japo intakomu za video za volti 12, ambazo mafundi wamezizoea, zinaweza kuwavuta wanunuzi wenye mageti ya mbali. Mwenye duka yule anafikiria kuuza kila kengele pamoja na transfoma ya volti 24 na waya mnene. Anachohofia ni jirani yake, ambaye ataendelea kuuza kengele peke yake kwa bei ya chini.