Je, Wajua? Skrini Janja Nyumbani: Ununue au Uache?

Je, wajua kwamba mwaka 1969 duka la Neiman Marcus la Marekani lilitangaza kompyuta ya jikoni? Iliundwa na kampuni ya Honeywell, ikawa na kibao cha kukatia mboga, na bei yake ilikuwa dola 10,600. Mnunuzi aliahidiwa pia mafunzo ya wiki mbili, maana mapishi yalipaswa kuingizwa kwa swichi na majibu kusomwa kwenye vitaa vinavyowaka na kuzimika. Hakuna ushahidi kwamba hata moja ilinunuliwa.

Ndoto hiyo haikufa. Juni 2017 Amazon ilianza kuuza Echo Show, skrini ya inchi 7 inayoitikia sauti, kwa takriban dola 230. Oktoba 2018 Google ikatoa yake kwa dola 149, ambayo leo tunaiita Nest Hub. Unaiamuru kwa mdomo, nayo inakuonyesha mapishi, inakupigia muziki, inazima taa.

Nest Hub hiyo Google haikuiwekea kamera kwa makusudi, ili mtu asione shida kulala nayo chumbani. Ina kihisi kinachopima mwanga wa chumba pamoja na rangi yake. Ukiwasha taa ya njano jioni, picha ya familia kwenye skrini nayo hupata unjano, hadi udhani ni picha ya karatasi iliyotiwa fremu. Toleo la 2021 likaongezewa rada ndogo inayofuatilia pumzi za aliyelala bila kumgusa. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa.

Lakini je, wajua kwamba Septemba 2017, Echo Show ikiwa na miezi michache tu sokoni, Google iliiondolea YouTube kwa sababu ya ugomvi wake na Amazon? Wateja walikuwa wameshalipa. Kifaa hiki ni chako, ila yaliyomo yana mwenyewe.

Kwetu sisi, kisa cha Portal kinauma zaidi. Hii ilikuwa skrini ya Facebook, iliyotoka 2018, na ndiyo iliyopiga simu za video za WhatsApp, mtandao ambamo ndugu zetu wa Dar, Mombasa, Muscat na Minneapolis wanakutana kila siku. Mwaka 2022 kampuni ikaacha kuitengeneza kwa matumizi ya nyumbani.

Kisha lugha. Tangu 2017 simu yenye Google inaweza kuandika Kiswahili unachokitamka. Nest Hub haikijui, wala Alexa, msaidizi wa sauti wa Echo Show, hakijui. Bibi asiyesema Kiingereza wala Kiarabu ataizungumzia skrini hiyo hadi achoke, na yeye ndiye angefaidika nayo kuliko sote. Hili ni pengo ambalo kampuni hizo zinapaswa kuliziba, nasi tudai lizibwe bila kuona haya. Zaidi ya hayo, Nest Hub na Echo Show hazina betri ndani: umeme ukikatika, nazo zinazimika papo hapo.

Hukumu yangu ni hii: kwa nyumba inayoongea Kiswahili na kuishi kwa bando, usinunue bado. Kishikwambi kilichosimamishwa juu ya kaunta kinaonyesha mapishi yale yale, kina betri, na YouTube yake haikutegemea ule ugomvi wa Google na Amazon. Ila kama mzazi wako yuko London, anaelewa Kiingereza na vidole vyake vinapata shida kubonyeza simu, mnunulie. Echo Show ina huduma ya Drop In: mkikubaliana mapema, unampigia na simu inajipokea yenyewe, huku picha ikianza na ukungu ili apate muda wa kujiweka sawa.

Ukinunua, chagua yenye kifuniko cha kamera, na ukumbuke kwamba kifuniko hicho hakizibi maikrofoni. Maikrofoni ina kitufe chake. Kitafute siku ile ile unapofungua boksi.