Bosi, Kabla ya Greda Muite Mwanasheria!

Ukifika Matema, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, utatamani kujenga hoteli inayogusa maji. Hata mimi, kapuku wa kutupwa, nilitamani! Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au ukingo wa mto.

Nani atamwambia bosi? Wengi tunadhani mwanasheria wa kampuni kazi yake ni tai na kesi. Kumbe ndiye anayeusoma mkataba kabla haujasainiwa. Hapo ndipo pa kuuliza: mita tumepima? Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira tunacho? Wakaguzi wakija baadaye, greda limeshapita.

Samaki mbasa hutoka ziwani na kupanda mito kutaga mayai. Mito ikichafuka, wali wa Kyela tutaulia nini? Na mbasa hana wakili.

Wewe unayesomea sheria, siku ukiajiriwa usigeuke muhuri wa bosi. “Hapana” ya mapema humwokolea yeye pesa, na sisi kitoweo.