Nzohe dume hatafutwi katikati ya bwawa

Mgeni akitua Mwanza akiulizia wanyama, dereva humpeleka moja kwa moja lango la Ndabaka, Serengeti. Sawa, kama anataka nyumbu. Anayetaka dume lenye pembe za kujivunia, tena lisilopigwa picha na kila mtu, aelekee magharibi: Geita, Nkome, kisha boti hadi Rubondo. Kisiwani wengi hukimbilia sokwe walioletwa na mhifadhi Bernhard Grzimek miaka ya 1960, na mafunjo huyapita tu. Humo ndimo anamoishi nzohe.

Nzohe ni wa ukoo wa pongo na tandala, ila kaumbiwa majimaji. Kwato zake ndefu hutanuka akikanyaga, kwa hiyo hadidimii kwenye tope. Akishtuka huingia majini na kuzama, ikabaki pua tu juu. Jike hana pembe. Dume ana rangi ya kahawia iliyokolea, pembe zimejisokota na ncha zake zimepauka. Hazidondoki kila mwaka kama za ayala wa Marekani. Dume mzee hubeba pembe zake maisha yote. Jina lake la kisayansi limetokana na msafiri John Speke, yuleyule aliyeliona Ziwa Victoria upande wa Mwanza mwaka 1858.

Wengi hukosea kwa kukodolea macho katikati ya bwawa, ambako huoni chochote ila mafunjo. Tafuta ukingo, pale mafunjo yanapopakana na msitu au nyasi fupi. Nzohe hupita njia ileile siku zote, hadi inakuwa kichochoro chini ya majani. Inama uangalie tope mlangoni mwake: alama mbili nyembamba, zimeachana, ndefu kuliko za pongo. Ukiziona mbichi, kaa mahali palipoinuka, upepo ukikupiga usoni, kabla hakujapambazuka. Kwa mtumbwi, zima injini mbali na utumie kasia. Jua likipanda, mara nyingi umeshamkosa.

Mazoea hayo ya njia moja ndiyo yanayommaliza nje ya hifadhi. Mtega nyaya hana haja ya kumfukuza; hutega kichochoroni akaenda zake. Rubondo, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1977, haina simba wala chui, na nzohe huthubutu kutoka mafunjoni hadi msituni. Ndiyo maana naipendekeza kwa mwenye kamera.

Mwenye bunduki hana lake huko, maana hifadhi ya taifa haiwindwi. Akitaka nyara, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka awe na leseni, awinde kwenye eneo lililoruhusiwa, na aulize TAWA, mamlaka ya wanyamapori, mapema kama nzohe yumo kwenye mgawo wa kitalu anachokilipia. Awe tayari pia kushinda juu ya jukwaa, kwa sababu wanaotangulia kujitokeza mara nyingi ni majike na madume machanga, na hao si wa kupigwa.