Rumba, nkumba na kitovu

Huko Prague, mtaa wa Kaprova, niliingia La Bodeguita del Medio, nyumba iliyochukua jina la baa mashuhuri ya Havana. Kwetu tungeiita nganda: watu wanakula, wanakunywa mojito, kisha wanacheza. Mhudumu mmoja, aliposikia kwamba natoka Kongo, alisema: «Basi rumba ni yenu, inatoka nkumba, kitovu.» Sisi pia tunalisema hilo, hata darasani. Naona tunalisema upesi mno.

Maneno yetu yapo kweli Kuba. Mezani waliniletea congrí, wali uliopikwa pamoja na maharagi mekundu. Wengi hulieleza jina hilo kwa Krioli cha Haiti: kongo ni maharagi, ri ni mchele. Kongo imo ndani ya sahani, ila ilipitia Haiti kwanza. Ushahidi ulio thabiti zaidi ni nganga. Katika Kikongo ni mtu, ndugu wa mganga wa Kiswahili. Kwa wafuasi wa Palo Monte huko Kuba, nganga ni chungu kinachokaa nguvu za wafu. Maana imehama kutoka kwa mtu hadi chombo chake, lakini sauti haikuguswa.

Hapo ndipo nkumba inaponitia shaka. Ikiwa ng ya nganga ilihifadhiwa, kwa nini nk igeuke r? Tena Kihispania kina neno rumbo, ambalo pamoja na maana ya mwelekeo lina maana ya fahari na majivuno, na wapo wanaoanzia hapo.

Lakini kitovu chenyewe hakijapotea. Katika guaguancó, mojawapo ya aina za rumba ya Kuba, mwanamume humrushia mwanamke kiuno, naye hujikinga kwa mkono au kwa sketi. Tendo hilo huitwa vacunao, yaani kuchanja! Wazee wetu wangelitambua mara moja, ingawa jina lake ni la Kihispania.

Usiku ule Prague hawakucheza guaguancó. Walicheza son, muziki uleule uliotufikia tangu 1933 kwa sahani za santuri za GV. Wafanyabiashara wa sahani walikwisha kuuita rumba kabla Kinshasa haijaanza kuupiga.