Ukienda Ziwani, Chagua Saa ya Kazi

Msafiri wa pwani akifika Kisumu mwezi wa Ramadhani, na saa yake ya mkononi imepangiwa kengele za Mombasa, jioni ya kwanza ataingia mtihanini. Kengele italia, tende iko mkononi, lakini akitupa macho upande wa magharibi ataliona jua lingali juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Saa haikuharibika. Ni mwenyewe aliyesahau kwamba amehama. Kisumu iko magharibi ya Mombasa kwa kiasi cha digrii 5 za longitudo, na kila digrii moja ni dakika 4 za mwendo wa jua. Kwa hiyo Magharibi ya Kisumu huchelewa kwa kadiri ya dakika 20, zikizidi au kupungua kidogo kwa kufuata misimu. Aliyefuturu kwa kengele ya Mombasa amefuturu mchana.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu vijana wetu waendao ziwani kwa kazi na biashara huuliza swali moja tu: saa gani ni ngumu? Na mchuuzi huwa na jibu moja tu: chukua hii, haiingii maji. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa ya kuvaliwa ziwani yafaa ichaguliwe kwa kazi itakayofanya na kwa mahali itakapofanyia, si kwa ukubwa wake wala kwa sifa za mwenye kuiuza.

Tuanze na maandishi yaliyo usoni. Saa nyingi zimeandikwa WATER RESISTANT, kisha mita 30. Mnunuzi hudhani kwamba anaweza kuzama nayo mita 30. La, hasha. Kipimo hicho hufanywa kiwandani, saa ikiwa mpya na maji yakiwa yametulia. Katika matumizi ya kila siku, saa ya mita 30 ni ya mvua na udhu. Ya mita 50 yafaa kuogelea kidogo. Ya mita 100 yamtosha mvuvi na mwogeleaji. Mwenye kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa na atafute ya mita 200 iliyoandikwa neno DIVER'S. Neno hilo lina kanuni yake ya kimataifa, iitwayo ISO 6425: saa lazima istahimili angalau mita 100, ijaribiwe kwa shinikizo linalozidi kipimo chake kwa robo, isomeke gizani, na ivumilie mapigo, sumaku na maji ya chumvi.

Zaidi ya hapo ni kutupa fedha. Ziwa Viktoria, pamoja na upana wake wote, kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, na ghuba ya Winam, ambayo Kisumu imekaa pembeni mwake, ina maji haba zaidi. Saa ya mita 1,000 haina kazi ya kufanya huko.

Saa hizi zina historia ya kupendeza. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa yenye kasha lililofungwa barabara, ikaiita Oyster, na mwaka 1927 mwogeleaji wa Kiingereza Mercedes Gleitze akaingia nayo katika maji baridi ya mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1953 Blancpain wakatoa saa ya wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa. Wajapani wakafuata: Seiko walitoa saa yao ya kwanza ya mbizi mwaka 1965, na mwaka 1983 Casio wakaleta G-Shock. Mhandisi wake, Kikuo Ibe, aliiwaza baada ya saa aliyopewa na baba yake kuanguka na kuvunjika, akaazimia kuunda ile itakayoanguka kutoka mita 10 na kuendelea kwenda.

Kitu kikubwa katika saa ya mbizi ni ile pete ya nje yenye alama za dakika. Mpiga mbizi huielekeza alama yake kwenye mkono mrefu anapozama, na tangu hapo huona muda aliokaa chini. Pete nzuri huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itamwonyesha kwamba amekaa zaidi ya alivyokaa, naye atatoka mapema. Haiwezi kumdanganya abaki. Mvuvi pia hufaidika nayo, kwani humkumbusha wakati alipoushusha wavu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mzamiaji wa pwani hana budi kulijua kabla ya kuingia maji ya Kisumu. Ziwani hakuna matumbawe ya kutazama. Maji yana tope, na wanaozama mara nyingi wamekwenda kutafuta chombo kilichopotea au, Mungu atuepushe, mtu aliyekufa maji. Humo saa isiyong'aa gizani ni sawa na kutokuwa nayo. Lakini hatari kubwa zaidi haionekani. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,130 juu ya bahari, na mbizi yoyote ya juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa mbizi ya mwinuko. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na mtu anapopanda juu, gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa kasi zaidi, ikafanya mapovu yawezayo kumlemaza au kumwua. Majedwali ya dakika aliyoyazoea Kilindini au Watamu hayafai huko mpaka yarekebishwe. Mwenye saa ya kompyuta ya mbizi naye aangalie kama inajirekebisha yenyewe kwa mwinuko au yataka kurekebishwa kwa mkono. Tena, baada ya kuzama asipande basi la Nairobi siku hiyo hiyo, maana barabara hupanda milima ya zaidi ya mita 2,000. Alale Kisumu, apumzike.

Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hawazami, lakini kazi yao ni ya usiku wa kiza, kwa mwanga wa taa uwavutao samaki. Dhoruba za ziwani nazo hupenda usiku. Huko simu hulowa ikafa. Saa ya mkononi ndiyo ijulishayo kwamba alfajiri imekaribia au wakati wa kurudi umepita. Mvuvi hahitaji saa ya fahari. Atosheke na ya mpira mgumu, yenye tarakimu kubwa na taa, mkanda wake ukiwa wa mpira au nailoni. Mkanda wa ngozi huoza, na wa chuma wenye viungo vingi hunasa nyuzi za nyavu.

Hata saa nzuri huuawa na mambo madogo. Kinachozuia maji ni vipira vyembamba vilivyo chini ya kifuniko cha nyuma na kwenye kile kifungo cha kurekebishia mishale. Fundi wa barazani akifungua saa kutia betri, kisha akarudisha kipira kilichochakaa au kilichokaa upande, saa itarudi mkononi ikienda vizuri, na siku ya kwanza ziwani itaota ukungu ndani ya kioo. Kila betri inapobadilishwa, dai kipira kipya na upimaji wa shinikizo. Na kifungo kisiguswe ndani ya maji.

Kwetu Waislamu kuna mengine ya kuzingatia. Saa ya dhahabu si ya mwanamume. Chuma na mpira havina neno. Saa nzito iliyobana mkono na ilegezwe au ivuliwe wakati wa udhu, maji yafike kwenye ngozi. Ikiwa ina dira, itakusaidia kujua kibla. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kamili, hata wazee wetu upande huo wa kaskazini wakauita kibla. Lakini kutoka Kisumu huelekea kuliani mwa kaskazini kwa digrii kama 12 au 13. Usiisome dira hiyo karibu na mashine ya mashua, kwani chuma huipotosha.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, zungusha pete uone kama inakwenda upande mmoja. Tazama kama kifungo kinafungwa kwa kuzungushwa na kama kifuniko cha nyuma ni cha parafujo. Iweke gizani uisome. Saa bandia huandikwa mita 200 kwa rangi tu.

Kisha ukifika Kisumu, fika Msikiti wa Jamia uulizie ratiba ya swala ya mji huo. Hata ratiba ya Nairobi hutangulia kwa kama dakika 8. Zipange kengele zako upya, na jioni hiyo keti ufukweni Dunga ulitazame jua mpaka lizame, ndipo utie tende kinywani.