Kilwa hadi Mombasa: hati kwanza, petroli baadaye

Shule zinakaribia kufungwa, na hapa Kilwa, kama ilivyo Lindi mjini, watu wameanza kuulizana habari za safari. Wapo waendao Dar es Salaam, wapo waendao Zanzibar. Lakini wapo pia, nami ni mmoja wao, ambao likizo haijawa likizo mpaka wameiona Mombasa.

Utaniuliza, mbona Mombasa na si Msumbiji, ambayo kwetu ni jirani zaidi? Ni kweli, Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, na gari huvuka Mto Ruvuma bila kulowa. Lakini tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado limekuwa na mapigano. Anayelazimika kwenda huko na aulize kwanza kwa wakuu wa serikali, asitegemee maneno ya kijiweni.

Mombasa ni ndugu yetu wa zamani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa, kisha akashuka kuja Kilwa. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliupora mji wa Kilwa mwezi wa Julai, na mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Leo magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na Ngome ya Yesu ya Mombasa imeingia mwaka 2011. Miji hii miwili imepata neema pamoja na msiba pamoja. Ndiyo maana nyumba nyingi za Kivinje zina shangazi au mjomba aliyehamia Mombasa.

Na habari ya mjomba ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Miaka kadhaa iliyopita tulipata simu kwamba mjomba wetu wa Mombasa anaumwa sana, na anataja majina yetu. Tukaondoka alfajiri, mimi nikiendesha, dada yangu mkubwa, na mwanawe wa miaka tisa. Nilikagua injini, nikakagua matairi, nikajaza tangi. Pasipoti yangu na ya dada zilikuwa mkobani. Ijumaa alasiri tukafika mpakani. Afisa aliyetupokea hakuwa mkali hata kidogo. Alituamkia, akamtazama mtoto, akasema, "Mama, huyu naye ni msafiri. Hati yake i wapi?"

Hatukuwa nayo. Mimi, mtu wa redio ninayewaelimisha wengine, nilidhani mtoto hupita kwa pasipoti ya mama yake. Dada hakukubali kumwacha mwanawe kwa watu tusiowajua, nami ndiye niliyekuwa nashika usukani. Tukarudi Tanga. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa kabatini Kilwa. Ikabidi kiletwe kwa basi. Ofisi zilikuwa zimefungwa mpaka Jumatatu. Jumamosi usiku simu ikalia, nasi tukajua kabla ya kuipokea. Jumanne tulipoingia Mombasa, tulionyeshwa kaburi. Kosa lilikuwa langu, na kila msimu wa safari hulikumbuka.

Basi, msikilizaji, neno la kwanza ni hati. Kila msafiri, hata mtoto mchanga, awe na hati yake mwenyewe: pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Usidanganyike kwa kusikia kwamba Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mpango ule ulianza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatukuingia. Viza hatudaiwi, kwa kuwa sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukisafiri na mtoto pasipo mzazi wake mmoja, chukua barua ya ridhaa ya yule aliyebaki, pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Pili, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hukubalika baada ya siku 10, kwa hiyo usingoje juma la safari. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutosha kwa maisha yote. Wengi huikumbuka kadi wakati wa kutoka, kumbe huweza kuulizwa vilevile wakati wa kurudi nyumbani.

Tatu, gari. Chukua kadi halisi ya gari na leseni hai. Kama gari si lako, pata barua ya mwenyewe inayokuruhusu kulivusha mpaka. Bima ya kawaida huishia mpakani. Muulize wakala wako habari za kadi ya njano ya COMESA, ambayo hutumika pande zote mbili. Forodha watakupa kibali cha muda cha kuingiza gari. Isome tarehe ya mwisho, maana ikipita, gari lako linageuka kuwa bidhaa isiyolipiwa ushuru.

Sasa njia. Kutoka Kilwa Masoko hadi Mombasa, kwa kupitia Dar es Salaam na Tanga, ni kiasi cha kilometa 850. Vijana wa leo hawaijui adha ya pantoni ya Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ukijaa, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya siku kadhaa, na watu walilala wakiutazama mto. Lami imetuondolea adha hiyo, lakini haijaondoa mvua. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara yetu maeneo ya Somanga, na mabasi na malori yakakwama. Kwa hiyo nyakati za masika, uliza hali ya njia kabla ya kufunga mizigo.

Usifanye safari hii kwa siku moja. Ondoka Kilwa alfajiri, upite Nangurukuru, Somanga na Ikwiriri, ili foleni ya Mbagala uikute kungali mchana. Lala Dar es Salaam. Siku ya pili, badala ya kusongamana hadi Chalinze, waweza kupita Bagamoyo na kutokea Msata, kisha Segera hadi Tanga. Lala Tanga. Siku ya tatu utafika Horohoro asubuhi, akili ikiwa imetulia, na kama kuna kilichosahaulika, siku bado ni ndefu. Vijijini shika mwendo wa 50, maana trafiki wenye tochi hawana likizo.

Mpaka wetu ni wa kituo cha pamoja. Taratibu za kutoka Tanzania na za kuingia Kenya hukamilishwa upande mmoja, ule unaoingia, yaani Lunga Lunga. Usivutwe kando na kijana anayejitolea kukushikia pasipoti. Nenda dirishani mwenyewe, ngoja zamu yako, na ukilipa chochote dai stakabadhi. Fedha nazo badilisha benki au katika duka lenye leseni. Shilingi ya Kenya huenda kwa karibu shilingi zetu ishirini, lakini bei hupanda na kushuka. Ukisikia "mia tano" katika soko la Marikiti, usiipokee kwa masikio ya Kilwa.

Mizigo pia ina sheria. Mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo, Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, nasi tukafuata Juni 2019. Korosho na samaki wakavu wa jamaa vitie katika kikapu au kiroba, na ukiulizwa taja ulichobeba. Aliyebeba kwa biashara aende kwenye meza ya forodha kabla ya kuitwa.

Kutoka Lunga Lunga ni kiasi cha kilometa 100 hadi Likoni. Ukipanda kivuko, zima gari, vuta breki ya mkono na shusha vioo. Septemba 2019 gari moja liliteleza kutoka katika kivuko hicho, na mama na bintiye wakafa maji. Asiyependa kivuko, siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu, inayotokea Miritini.

Ukishafika, usione haya kuuliza. Daladala huko ni matatu, bajaji ni tuktuk, na kituo cha basi ni steji. Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi, kisha tembea Mji wa Kale kwa miguu kabla jua halijawa kali. Ingia Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, usimame juu ya ukuta uitazame bahari. Maji hayo ndiyo yanayopiga ufukwe wa Kivinje.

Lakini hayo ni ya baadaye. Usiku wa leo, msikilizaji, kabla hujalala, fungua kabati. Toa hati zote, uziweke mezani, uhesabu hati na uhesabu vichwa vya watakaosafiri. Hesabu zisipolingana, una muda wa kurekebisha. Sisi hatukuwa nao.

Tahadhari kabla ya hatari. Hadi juma lijalo, nakutakia safari njema na marejeo ya heri.